Kasuku wa Misitu Miwili



Leo nataka kuwaeleza habari za ndege mdogo wa Puerto Rico, kisiwa cha Bahari ya Karibi kilicho chini ya Marekani. Ni kasuku wa rangi ya kijani, mwenye utepe mwekundu juu ya mdomo. Urefu wake wapata sentimita 30, hampiti kasuku wa kijivu wa Kongo, ambaye wengi wenu mmepata kumwona tunduni. Jina lake la asili ni iguaca.

Hapo kale ndege huyu alienea kisiwa kizima. Kisha misitu ikafyekwa ili pawe na mashamba, na makinda yakatolewa viotani yakafugwe majumbani. Mwaka 1975 walihesabiwa porini kasuku 13 tu, wote katika msitu wa mvua wa milima ya Luquillo.

Kasuku huyu hajengi kiota juu ya tawi. Hutaga ndani ya shimo la mti mkubwa mzee, jike akaatamia huku dume akimletea chakula. Mashimo ya namna hiyo ni adimu, tena yuko ndege mwingine, mnyang'anyi hasa, ayatwaaye na kuvunja mayai. Wataalamu wakaona kwamba mnyang'anyi huyo hapendi shimo refu lenye giza. Basi wakamfanyizia kasuku viota vya kina kirefu, na karibu yake wakaweka kisanduku kifupi kwa yule mwingine. Naye akiisha kukaa humo, huwafukuza wenziwe wote wasisogee. Amekuwa bawabu asiye na mshahara!

Lakini tufani haina bawabu. Ile iliyoitwa Hugo, mwaka 1989, iliwapunguza kasuku wa porini kwa karibu nusu. Ndipo ilipodhihirika hatari ya kuweka akiba yote mahali pamoja. Mwaka 1993 baadhi ya kasuku waliokuwa wakilelewa matunduni walihamishiwa Río Abajo, upande wa magharibi, na tangu mwaka 2006 ndege walianza kufunguliwa huko, wakiisha kufundishwa kwanza kumwogopa mwewe.

Septemba 2017 ikaja tufani Maria. Msitu wa Luquillo ulibaki vijiti vitupu. Katika kasuku wapatao 50 waliokuwa wakiishi huru humo, walionekana wawili tu. Wale wa Río Abajo walipona wengi. Mwaka 2020 wengine waliolelewa matunduni walifunguliwa tena Luquillo.