Uso Usipotee Gizani

Wanafunzi wetu wa madarasa ya watu wazima wa Karagwe na Kyerwa, kaeni vizuri, fungueni madaftari. Leo tunazungumza juu ya picha zinazochapwa nyeusi mno.

Tuseme mama mmoja ametoka Nkwenda kuja Kayanga. Ana picha moja tu ya marehemu mumewe, nayo imo katika simu. Anaomba ichapwe kubwa, apate kuitundika ukutani. Katika simu macho yanaonekana, na mikunjo ya koti jeusi pia. Katika karatasi, uso na koti ni doa moja. Mwenye studio asema, "Mama, mzee alikuwa mweusi." Je, jibu hilo ni la haki?

Si la haki. Tangu miaka ya 1950, maabara nyingi za picha za rangi zilirekebisha mashine kwa kadi za kampuni ya Kodak zenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Akitoka vizuri yeye, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Sura nyeusi hazikuwa katika kipimo. Leo twaweza kupima wenyewe.

Andikeni neno hili: profaili. Profaili huieleza kompyuta jinsi printa fulani, wino fulani na karatasi fulani zinavyotoa rangi. Ili kuipata, huchapwa vipande vingi vya rangi, vikakaushwa, vikapimwa kwa chombo cha kupimia rangi.

Ikiwa giza limezidi, msikimbilie kuing'arisha picha yote. Tafuteni kwanza mahali pa kosa. Fanyeni hivi. Katika kompyuta, weusi kabisa ni 0 na weupe kabisa ni 255. Tengenezeni ngazi ya visanduku 11: 0, 5, 10, mpaka 50. Ichapeni mara mbili: kwanza bila sahihisho lolote la rangi, kisha kwa profaili. Zikikauka, zitazameni mchana, nje, kivulini. Visanduku viwili vya kwanza vikifanana, si neno. Vikiungana vitano au sita, hapo pana kosa.

Je, vimeungana katika karatasi zote mbili? Basi wino umezidi. Mara nyingi aina ya karatasi iliyochaguliwa katika kompyuta siyo iliyomo ndani ya printa. Sahihisheni hilo kwanza, ndipo mtengeneze profaili upya. Profaili haiwezi kurudisha kilichokwisha kuzama katika wino.

Je, vimeungana kwa profaili tu? Basi kosa ni la profaili, au la matumizi yake. Labda vipande vilipimwa kabla ya kukauka. Labda rangi zinasahihishwa mara mbili, na kompyuta na printa; mmoja aifanye kazi hiyo, mwingine azimwe. Labda kompyuta haikuamriwa kulinganisha weusi wa picha na weusi wa karatasi.

Je, ngazi zote mbili ni nzuri? Basi printa haina kosa. Huenda picha yenyewe ni ya giza, na kioo cha simu kinachong'aa kiliificha hali hiyo. Sasa ing'arisheni, lakini sehemu za giza tu.

Swali la leo: Kwa nini tunachapa ngazi mara mbili? Andikeni jibu kwa maneno yenu.

Nanyi mlio wateja, mkiambiwa kwamba ngozi ndiyo mbaya, ombeni ngazi ichapwe. Mama yule anastahili kuyaona macho ya mumewe.

Kwaherini.