Mguu, Turbo na Tangi: Kupunguza Ulaji wa Mafuta katika Subaru Impreza WRX

Mada iliyowasilishwa katika semina ya mafundi na wamiliki wa magari ya spoti



Nimeombwa kuzungumzia ulaji wa mafuta wa magari ya spoti. Magari hayo ni mengi na kila moja lina tabia zake, kwa hiyo nimechagua moja ambalo karibu kila fundi aliyemo humu ameshalifungua boneti: Subaru Impreza WRX yenye injini ya lita 2.0 na turbo. Gari hili lilianza kuuzwa Japani mwaka 1992. Huku kwetu jina lake lilikuzwa na Safari Rally, ambako Colin McRae alishinda akiwa na Impreza mwaka 1997 na Richard Burns naye akashinda nayo mwaka 2000. Wengi waliokuwa watoto miaka ile ndio wanaoagiza magari haya yakiwa mtumba leo, na ndio wanaoumia kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mdhibiti wa nishati wa Tanzania, inapotangaza bei kikomo za mafuta.

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kunipinga ajiandae. Sehemu kubwa ya mafuta yanayopotea katika WRX zinazoletwa gereji haipotei kwa sababu gari liliundwa kula. Inapotea kwa ugonjwa usiotibiwa, kwa vitu tulivyovifunga wenyewe, na kwa mguu wa kulia wa dereva. Marekebisho yanayookoa mafuta yapo, lakini ni machache, na mengi kati yake ni kulirudisha gari katika hali aliyoikusudia mtengenezaji.

Kupima

Asiyepima hana cha kujadili. Jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe, andika kilomita zilizo kwenye dashibodi, tembea mpaka libaki kama robo, rudi kwenye pampu ileile ujaze vilevile, kisha gawa kilomita kwa lita zilizoingia. Kilomita 360 kwa lita 40 ni kilomita 9 kwa lita. Rudia kwa matangi kadhaa kabla ya kubadilisha chochote, maana foleni ya wiki moja haifanani na ya wiki nyingine. Baada ya hapo badilisha kitu kimoja tu kwa wakati.

Kuna mtego ambao mafundi wengi hawauoni. Tairi ambayo mzunguko wake umezidi wa asili kwa asilimia 3 huifanya dashibodi isome kilomita pungufu kwa kiasi hicho hicho. Mtu akifunga rimu kubwa na tairi kubwa, sehemu ya “ulaji ulioongezeka” ni hesabu ya dashibodi. Akifunga tairi ndogo, dashibodi humpa kilomita ambazo hakutembea, naye akaondoka akimsifu fundi.

Kwa nini turbo inakula

Ili petroli iungue yote bila kubaki na bila kupunguka, gramu 1 inahitaji gramu 14.7 za hewa. WRX ikitembea taratibu barabarani, kontroli boksi hushikilia kiwango hicho kwa msaada wa sensa ya oksijeni. Dereva akikanyaga na turbo ikaanza kusukuma, mambo hubadilika. Mchanganyiko unashushwa mpaka karibu gramu 11 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Maana yake, kwa hewa ileile, injini inamiminiwa petroli zaidi kwa theluthi moja, na ile ya ziada haizalishi nguvu. Kazi yake ni kupooza chumba cha mwako ili pistoni na valvu zisiungue. Huo ni ulinzi. Fundi anayepunguza petroli hiyo ili “kubana matumizi” anaiua injini ya mteja wake.

Mgandamizo wa injini hizi nao ni mdogo, karibu 8 kwa 1, ili turbo ipate nafasi ya kuongeza hewa. Mgandamizo mdogo huvuna nguvu pungufu kutoka kwenye kila tone, hata gari linapokwenda polepole. Kwa hiyo WRX haitalingana na gari dogo kama Vitz, na anayemwahidi mteja hivyo anamdanganya. Kinachowezekana ni kupunguza muda ambao turbo inasukuma bila sababu. Kwa kazi hiyo kifaa bora ni kipimo cha presha ya turbo pale mbele ya dereva. Mshale ukiwa chini ya sifuri, uko katika upande wa kubana. Ukipanda juu ya sifuri, unalipa.

Ugonjwa kwanza

Hapa ndipo ninapotaka tukae kwa muda, maana hapa ndipo penye fedha.

Nianze na thamostati. Tabia ya kuitoa na kuitupa imeenea mno katika gereji zetu, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto na kwamba thamostati ni ya watu wa baridi. Hoja hiyo si sahihi. Injini inatakiwa ifikie joto lake la kazi haraka na ibaki hapo, iwe Sapporo au Tandika. Ukiitoa, maji yanazunguka kwenye radieta muda wote. Gari likiwa kwenye mwendo halipati joto la kutosha, na sensa ya joto inaiambia kontroli boksi kwamba injini bado ni ya baridi. Kontroli boksi inatii na kuongeza petroli, kama inavyofanya asubuhi gari linapowashwa, ila sasa inafanya hivyo safari nzima. Oili nayo inabaki nzito na uchakavu unaongezeka. Gari likichemka, tafuta chanzo: radieta iliyoziba, mfuniko uliochoka, feni, au gasketi ya silinda hedi. Feni iliyoungwa moja kwa moja ili izunguke muda wote ni ndugu wa tatizo hilo hilo, maana umeme wake unatoka kwenye altaneta na altaneta inazungushwa na petroli.

La pili ni sensa ya oksijeni. Ikifa au ikichelewa kusoma, kontroli boksi inafanya kazi gizani, na hasara yake inaweza kuzidi ya kasoro nyingine yoyote. Wizara ya Nishati ya Marekani imewahi kueleza kwamba kurekebisha sensa ya oksijeni iliyokufa kunaweza kuongeza umbali kwa lita hadi asilimia 40. Mafundi tujiangalie na silikoni tunayopaka kwenye gasketi. Mvuke wa silikoni isiyofaa huichafua sensa hii ikapoteza uwezo wake.

La tatu ni uvujaji wa hewa. Kwenye injini hii kuna bomba la mpira linalopeleka hewa kwenye turbo, limejificha chini ya manifoldi, na kwa umri linapasuka. Hewa inayoingia hapo haijapita kwenye sensa ya hewa, kwa hiyo haijahesabiwa. Kwa magari yanayosomeka kwa mashine ya OBD, tazama kiwango cha marekebisho ya petroli injini ikiwa imepata moto. Kikikaa karibu na sifuri, gari ni zima. Kikisimama asilimia 10 au zaidi juu ya sifuri, kuna hewa isiyohesabiwa, sensa inayodanganya, au pampu ya petroli iliyochoka. Usibadilishe plagi kabla ya kusoma namba hiyo.

Upepo wa tairi nao ni ugonjwa, ingawa hatuuhesabu hivyo. Kila PSI 1 inayopungua kwenye tairi zote huondoa karibu asilimia 0.2 ya umbali. Inaonekana ndogo mpaka ukute gari lina pungufu ya PSI 10. Na kwa kuwa WRX inavuta magurudumu yote manne, tairi zote ziwe za saizi moja na zilizolika sawa. Zikitofautiana, difu ya kati inafanya kazi muda wote kwenye barabara iliyonyooka, na joto linalotoka hapo ni petroli yako.

Tunavyovifunga

Valvu inayotema hewa nje, ile yenye mlio wa “psshh” dereva anapoachia mafuta, inapendwa kuliko kifaa kingine chochote. Kwenye WRX zenye sensa ya hewa, hewa inayotemwa ilikuwa imeshapimwa, na petroli yake imeshapangwa. Inapotoka nje, petroli inaingia bila mwenzake, na mchanganyiko unakuwa mzito kwa muda mfupi kila unapobadilisha gia. Valvu ya kiwandani huirudisha hewa hiyo kabla ya turbo. Irudisheni. Ile milipuko ya eksozi ambayo vijana wanailipia ni petroli inayounguzwa kwenye bomba la moshi, mahali ambapo haiwezi kusukuma gari hata sentimita moja.

Rimu pana na nzito, tairi zenye uso mpana, bawa kubwa la nyuma na keria lisilobeba kitu, vyote vinaongeza mzigo au upinzani wa hewa. Sina ugomvi na anayevipenda, bali ajue bei yake.

Rekebisho moja ninalolitetea kwa nguvu zote ni kupanga upya programu ya kontroli boksi kwa ajili ya petroli yetu. Gari la soko la Japani limeandikwa kwenye kifuniko cha tangi, kwa Kijapani, kwamba linataka petroli ya daraja la juu, na ile inayouzwa kule huwa na oktani karibu 100. Petroli yetu ya kawaida haifiki hapo. Injini ikianza kugonga, sensa ya kugonga inasikia na kontroli boksi inachelewesha cheche. Cheche iliyochelewa hupeleka nguvu kwenye eksozi ikiwa joto. Fundi mwenye vifaa halisi anaweza kupanga cheche na presha zilingane na petroli iliyopo. Mteja amwombe apange pia sehemu ya mwendo wa kawaida, si ile ya kukanyaga mpaka mwisho tu, kwa sababu huko kwenye mwendo wa kawaida ndiko gari linakoishi. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hushusha oktani zaidi. Vinasaba, yaani alama za kutambulisha mafuta halali, vilianza kuwekwa kwenye mafuta nchini mwaka 2010 kwa sababu hiyo, na anayenunua kwenye madumu ya njiani anakimbia ulinzi huo.

Kuhusu sumaku za kufunga kwenye bomba la petroli na vidonge vya kutia kwenye tangi, Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani, EPA, limepitia vifaa vya aina hii zaidi ya 100 na kukuta vyenye faida ni vichache sana. Msipoteze fedha.

Mguu

WRX na dereva wake wana uzito wa karibu kilo 1,400. Kulifikisha gari hilo kwenye kilomita 100 kwa saa kunagharimu karibu mililita 65 hadi 70 za petroli, ukihesabu kwamba injini inatumia robo tu ya nguvu iliyomo kwenye mafuta. Ukifunga breki mpaka kusimama, mililita hizo zote zimekuwa joto la diski. Barabara zetu kuu zina matuta kila kijiji. Anayekimbilia tuta na kufunga breki, kisha akakanyaga tena, kila mara kumi na tano anakuwa ametupa lita 1. Anayeliona tuta kwa mbali na kuachia mafuta mapema, gari likiwa kwenye gia, anafika kwenye tuta hilo bila kutumia tone, kwa sababu kontroli boksi inazifunga nozeli kabisa gari linapojisukuma lenyewe.

Hili linanipeleka kwenye jambo ambalo nalisema kwa uchungu. Kuteremka mlima Kitonga gia ikiwa nyutro hakuokoi mafuta. Kwenye nyutro injini inahitaji petroli ili isizime. Kwenye gia haihitaji. Zaidi ya hapo umeondoa breki ya injini, na breki za miguu zikipata moto mteremko bado ni mrefu. Tumezika watu kwa imani hiyo.

Mwendo nao una hesabu yake. Upinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo, hivyo kutoka 90 hadi 110 unaongezeka kwa karibu nusu. Kwenye kilomita 100 utakuwa umeokoa dakika 12, iwapo barabara ni nyeupe.

Mjini, panda gia mapema bila kuvuta sana wala kukanyaga mpaka mwisho ukiwa gia ya tano na mzunguko wa chini. Ukikanyaga hivyo, turbo inasukuma injini ikiwa nzito, na ndipo inapogonga. Kwenye foleni iliyosimama, ukumbuke kwamba injini isiyokwenda popote hula lita 1 hivi kwa saa, na kiyoyozi kinaongeza. Izime, isipokuwa umetoka kukimbiza gari. Hapo ipe turbo dakika moja au mbili ipoe.

Gesi asilia

Najua swali la CNG litakuja. Gesi asilia ina oktani zaidi ya 120, kwa hiyo haisumbuliwi na kugonga, na bei yake kwa kilomita ni nafuu. Mtungi unakula buti na kuongeza uzito, na injini inapoteza sehemu ya nguvu. Kwa WRX ya kwenda kazini Dar es Salaam inafaa, mradi ifungwe na watu waliosomea, kama wale wa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam.

Ombi

Nawaomba mafundi mambo mawili. Kila gari linaloingia gereji, liandikiwe kwenye karatasi ya kazi kilomita zake kwa lita kabla na baada ya matengenezo, mteja aondoke na nakala. Na kuanzia kesho, asiwepo aliyekaa katika ukumbi huu atakayetoa thamostati bila kuweka nyingine mahali pake.