Kisiwa cha Kungumanga na Jirani Mwenye Nguvu



Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya wenzetu wa kikundi cha kusoma. Wenzetu walituuliza jambo ambalo kila siku linasikika redioni: nchi kubwa ikiingiza majeshi katika nchi ndogo, mataifa mengine hufanya nini? Je, kuna wa kuizuia? Tuliona tusijibu kwa maneno ya jumla. Tuchukue nchi moja tu, tuifuate tangu mwanzo. Tukachagua Grenada, mwaka 1983.

Grenada ni kisiwa katika bahari ya Karibi, karibu na Amerika ya Kusini. Ni nchi ndogo sana. Pamoja na visiwa vyake vingine vidogo ina kilometa za mraba 344. Hata kisiwa chetu cha Mafia ni kikubwa kidogo kuliko nchi hiyo nzima. Wakati ule watu wake walikuwa kama laki moja, na wengi wao ni wajukuu wa Waafrika waliochukuliwa utumwani. Zao lao kubwa ni kungumanga, ile mbegu ambayo kina mama huikwangua kidogo kwenye chai ya maziwa, na ganda lake jekundu ndilo basibasi. Bendera yao ina picha ya kungumanga. Basi ukisikia jina la Grenada, usifikirie nchi yenye vifaru na madege. Fikiria mkulima na shamba lake la viungo.

Nchi hiyo ilitawaliwa na Mwingereza mpaka tarehe 7 Februari 1974. Waziri Mkuu wa kwanza alikuwa Eric Gairy, mtu aliyekuwa na kikosi chake cha kupiga wapinzani. Tarehe 13 Machi 1979, Gairy akiwa safarini nje, vijana wa chama cha New Jewel wakaongozwa na mwanasheria Maurice Bishop wakachukua serikali. Wananchi wengi walifurahi.

Serikali ya Bishop ilifanya mengi ya maana. Mojawapo linatuhusu sisi wa kisomo: mwaka 1980 walianzisha mpango wa kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, vijana wakiwafuata wazee vijijini. Lakini tuseme yote. Serikali hiyo pia ilifunga gazeti lililoipinga, iliweka watu kizuizini bila kesi, na uchaguzi iliouahidi haukufanyika hata mara moja. Mtu akikusimulia upande mmoja tu wa habari hii, mwambie aendelee.

Kilichomuudhi Rais Reagan wa Marekani, hata hivyo, hakikuwa uchaguzi. Kilikuwa urafiki wa Bishop na Cuba na Urusi, na zaidi uwanja wa ndege. Huko Point Salines mamia ya wafanyakazi wa Cuba walikuwa wanajenga uwanja wenye njia ya futi 9,000. Marekani ilisema uwanja mrefu hivyo ni wa ndege za vita. Grenada ikasema ni wa watalii, kwa kuwa uwanja wa zamani ulikuwa mfupi, ndege kubwa zisingeweza kutua. Kampuni ya Kiingereza, Plessey, nayo ilikuwa na kazi katika uwanja huo. Sasa jiulize, Mwingereza angesaidia kujenga kituo cha vita cha Warusi?

Hapa tunafika penye uchungu. Nyumba ya Bishop ilianza kubomoka kutoka ndani. Naibu wake, Bernard Coard, na wenzake katika kamati kuu ya chama walimtaka wagawane uongozi. Walipokosa kuelewana, Bishop akafungiwa nyumbani kwake katikati ya Oktoba 1983. Tarehe 19 Oktoba maelfu ya wananchi wakaenda kumtoa, wakamchukua mpaka kwenye ngome ya Fort Rupert mjini St. George's. Jeshi likaja na magari ya deraya, likafyatua risasi. Watu wakawa wanaruka ukutani kujiokoa. Bishop na wenzake saba, akiwemo Waziri wa Elimu Jacqueline Creft, wakasimamishwa ukutani wakapigwa risasi. Kisha Jenerali Hudson Austin akatangaza baraza la kijeshi na amri ya kutotoka nje usiku na mchana kwa siku nne. Atakayeonekana nje, apigwe risasi.

Tunaomba wasomaji mkae na jambo hili kidogo. Waliomwua Bishop hawakutoka Marekani. Walikuwa wenzake, waliokula naye na kuimba naye. Na ndio waliomfungulia mlango mtu wa nje. Nyumba ikishagombana mpaka ikamwaga damu, jirani mwenye rungu hakosi sababu ya kuingia.

Alfajiri ya tarehe 25 Oktoba 1983 Marekani ikaingia. Siku mbili kabla yake, huko Beirut, bomu lilikuwa limewaua wanajeshi wa Marekani 241. Nchi ile ilikuwa na majonzi na hasira. Idadi ya wanajeshi walioletwa Grenada ilifika kama 7,000. Kwa hesabu yetu ni askari mmoja kwa kila watu kumi na wanne wa kisiwa, watoto wachanga wakiwemo. Pamoja nao walikuja askari na polisi kama 300 kutoka Jamaica, Barbados na visiwa vingine jirani.

Na bado kazi haikuwa nyepesi. Baadhi ya askari walitumia ramani za watalii, kwa kuwa hawakuwa na nyingine. Walikuja kuwaokoa wanafunzi Wamarekani kama 600 wa chuo cha udaktari, lakini walipofika penye chuo wakaambiwa na wanafunzi kwamba wenzao wengine wako sehemu nyingine, Grand Anse. Kumbe hawakujua. Ndege zikapiga bomu hospitali ya wagonjwa wa akili karibu na ngome, wagonjwa wasiopungua 18 wakafa. Waandishi wa habari hawakuruhusiwa siku za mwanzo, kwa hiyo dunia ilichelewa kujua. Kwa jumla walikufa Wamarekani 19, Wagrenada 45 na Wacuba zaidi ya 20.

Marekani ilitoa sababu tatu. Ya kwanza ni hao wanafunzi. Hofu ilikuwepo, hatuikatai. Amri ya kupiga watu risasi si mchezo. Lakini hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyekuwa ameshambuliwa. Sababu ya pili ni kwamba visiwa jirani viliomba msaada, wakiongozwa na Bibi Eugenia Charles, Waziri Mkuu wa Dominica. Kweli waliomba. Ila mkataba wao wa mwaka 1981 ulihusu kujilinda na adui wa kutoka nje, na Grenada haikumvamia yeyote. Tena majirani wenyewe waligawanyika: Trinidad na Tobago na Guyana walikataa kabisa. Sababu ya tatu ni ombi la Gavana Mkuu, Paul Scoon, aliyekuwa mwakilishi wa Malkia. Barua yake ina tarehe 24 Oktoba, lakini aliitia sahihi wakati wanajeshi wameshafika. Yeye alishikilia kwamba alikwisha omba kwa mdomo.

Sheria yenyewe si ngumu. Katiba ya Umoja wa Mataifa inakataza nchi kutumia nguvu dhidi ya mipaka au uhuru wa nchi nyingine. Inaruhusu mambo mawili tu: kujilinda ukishambuliwa, au kibali cha Baraza la Usalama. Marekani haikushambuliwa, wala kibali haikuomba.

Sasa tuone mataifa yalifanya nini. Baraza la Usalama lina nchi 15. Azimio la kusikitikia uvamizi huo na kutaka majeshi yaondoke lililetwa na Guyana, Nicaragua na Zimbabwe. Zimbabwe ilikuwa na uhuru wa miaka mitatu tu. Kura zikapigwa tarehe 28 Oktoba. Nchi 11 zilikubali, zikiwemo Ufaransa na Uholanzi ambazo ni rafiki za Marekani. Uingereza, Togo na Zaire hawakuwa upande wowote. Aliyekataa ni mmoja, Marekani yenyewe. Na huyo mmoja alitosha, maana ana kura ya turufu. Mshtakiwa alikaa katika baraza la wazee, akanyoosha mkono, kesi ikafutwa.

Msidhani turufu ni ya Marekani peke yake. Urusi ilipoingia Afghanistan Desemba 1979, ilifanya vile vile mwezi uliofuata. Na Februari 2022, ilipoivamia Ukraine, ikanyoosha mkono ule ule. Wanaogombana kwa kila kitu wanafanana katika hili.

Jambo likapelekwa Baraza Kuu, ambako kila nchi ina kura moja na hakuna turufu. Tarehe 2 Novemba 1983, nchi 108 zilisema uvamizi ule ni uvunjaji wa wazi wa sheria. Nchi 9 zilikataa, na 27 hazikuwa upande wowote. Rais Reagan alipoulizwa akasema jambo hilo halikumharibia kifungua kinywa chake. Na kweli, azimio la Baraza Kuu halina askari wa kulitekeleza.

Uingereza ilikasirika kimya kimya. Malkia alikuwa ndiye mkuu wa nchi ya Grenada, na Bibi Thatcher alimshauri Reagan asiingie, hakusikilizwa. Jumuiya ya Madola walipokutana New Delhi mwezi wa Novemba walibishana sana, mwishowe wakaona bora kuisaidia Grenada ijijenge upya kuliko kuendelea kulaumiana. Zimbabwe ndiyo iliyoonja machungu. Kabla mwaka haujaisha Marekani ilikata msaada wake kwa nchi hiyo, kutoka dola milioni 75 mpaka milioni 40, na azimio lile lilikuwa moja ya sababu. Kumbe kunyoosha mkono kuna bei, na bei hiyo haitozwi kila mtu.

Tulipofika hapo, mwenzetu mmoja akasimama akauliza swali lililonyamazisha darasa: «Na sisi Watanzania tulipoingia Kampala mwaka 1979, tulikuwa nani?»

Ni swali la haki. Tulijibu hivi. Amin ndiye aliyevuka mpaka kwanza, mwishoni mwa Oktoba 1978, akatangaza kwamba ardhi yetu mpaka mto Kagera ni yake, akaua watu na kuswaga ng'ombe. Hakuna askari wa Grenada aliyewahi kukanyaga Marekani. Tofauti hiyo ni kubwa, na sisi tunaishikilia. Lakini tusijidanganye kwamba sheria ilitupa njia nyeupe mpaka Kampala. Kumfukuza adui shambani mwako ni jambo moja, kumwondoa katika kiti chake ni jingine. Katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika huko Monrovia, Julai 1979, Rais Nimeiri wa Sudan na Jenerali Obasanjo wa Nigeria walitulaumu waziwazi. Mwalimu Nyerere aliamini tulikuwa na haki, nasi tunaamini hivyo. Hata hivyo, mwenzetu alisisitiza kwamba kila mwenye jeshi huamini ana haki. Hatukupata jibu la kumridhisha.

Na Wagrenada wenyewe walisemaje? Hili wengi waliopiga kelele New York hawakulitaja. Wananchi wengi sana wa Grenada waliwapokea wale askari kwa furaha. Walikuwa wamefungiwa ndani siku nne na watu waliomwua kiongozi wao. Anayezama hamwulizi anayemvuta mkono kama ana kibali. Kwa maoni yetu furaha yao haikuugeuza uvamizi kuwa halali. Lakini nasi tuliokuwa mbali hatuna ruhusa ya kusema hawakufurahi.

Askari wa kupigana waliondoka Desemba 1983. Mwaka uliofuata, Desemba, uchaguzi ukafanyika na chama cha Herbert Blaize kikapata viti 14 kati ya 15. Coard na wenzake walishtakiwa. 14 walihukumiwa kunyongwa mwaka 1986, hukumu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha mwaka 1991, na wa mwisho wakatoka gerezani mwaka 2009. Uwanja wa Point Salines, ule ulioitwa wa vita, ulimaliziwa kwa fedha za Marekani na kufunguliwa Oktoba 1984. Watalii wanatua hapo. Mwaka 2009 ulipewa jina la Maurice Bishop.

Maiti yake haijapatikana. Kila mwaka tarehe 25 Oktoba ni sikukuu ya Shukrani huko Grenada, kukumbuka siku Wamarekani walipoingia. Na tangu mwaka 2023 tarehe 19 Oktoba, siku aliyouawa Bishop, nayo ni sikukuu, ya Mashujaa. Katika kalenda yao siku hizo mbili zimeachana siku sita.