Kasuku wawili wa Tanzania katika matundu ya Doha

Katika Souq Waqif hapa Doha upo upande wa wauza ndege, na humo huuzwa kasuku wadogo wenye duara jeupe kuzunguka macho. Mara nyingi huwekwa pamoja katika tundu moja, na mnunuzi hudhani ni ndege wa aina moja waliohitilafiana rangi tu. Sivyo. Ni aina mbili, na asili ya zote ni Tanzania.

Wa kwanza ni kasuku wa Fischer, aliyepewa jina la mvumbuzi Mjerumani, Gustav Fischer. Uso wake ni wa rangi ya chungwa, mwili wa kijani. Makao yake ni Serengeti na maeneo ya kusini mwa Ziwa Viktoria. Wa pili ana kichwa cheusi na ukosi mpana wa manjano, naye ni wa Tarangire na nyika za mibuyu hadi Dodoma. Wote wawili wana mdomo mwekundu, na dume na jike hawapambanuki kwa rangi, jambo linalowataabisha wafugaji hata leo. Yule wa buluu anayependwa mno sokoni ni uzao wa huyu wa pili: rangi hiyo ilionekana kwa ndege walionaswa Tanganyika katika miaka ya 1920, kisha ikaendelezwa na wafugaji.

Porini maeneo yao yanakaribiana, lakini kwa kawaida hawachanganyiki. Kilichowachanganya ni biashara. Mwaka 1987 kasuku wa Fischer ndiye aliyekuwa ndege wa porini aliyeuzwa kwa wingi kuliko wote duniani, na idadi yake kwao ikapungua sana. Tanzania ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016.

Waliotoroka matunduni, kwa upande wao, walistawi ugenini. Kandokando ya Ziwa Naivasha nchini Kenya aina hizo mbili zimezaana, na machotara wao wana vichwa vya kahawia ambavyo si vya baba wala vya mama. Kwa mtazamaji ni pambo. Kwa mhifadhi ni hasara, kwani makundi yale makubwa hayawezi kurudishwa Serengeti kuziba pengo la walionaswa: damu yao si moja tena.

Basi anayenunua jozi hapa Doha amwombe muuzaji vichwa viwili vinavyofanana.