Je, kuyafungia mafuta ya bomba hapa Kenya kutashusha bei Meru na Embu?

Kuna hii ahadi ya kila kampeni: tutunge sheria, mafuta yanayopita kwenye bomba yabaki hapa, bei ishuke. Inapigiwa makofi sana. Lakini tuulizane, hayo mafuta ni ya nani?

Hayatoki ardhini mwetu. Yanaletwa na meli kutoka Ghuba hadi Mombasa, kisha bomba linayapeleka Nairobi, Nakuru, Eldoret na Kisumu. Sehemu kubwa ni ya Uganda, Rwanda na Sudan Kusini. Ukiyazuia umeshika mali ya jirani aliyeilipia, na mkataba wa bahari wa 1982 unaipa nchi isiyo na pwani haki ya kupitisha mizigo yake. Tena jirani ana Dar es Salaam. Akihamia huko, anaondoka na ada anayolipia bomba, na sisi tunabaki kuligharamia peke yetu.

Na sisi huku bomba hata halitufikii! Ni lori, Nairobi hadi Embu hadi Meru, na gharama yake iko ndani ya bei.

Halafu kodi. VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 ikawa 16 mwaka 2023. Tozo ya barabara ikapanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita mwaka 2024. Kwa hivyo mwomba kura akisema atafunga bomba, mwulizeni: hiyo tozo utapunguza shilingi ngapi, na barabara zetu utazikarabati na pesa gani?