Kapteni Dyett na Bendi ya Shule ya DuSable

Walter Henri Dyett hakuacha albamu iliyotikisa dunia, na nje ya Chicago ni wachache wanaolijua jina lake. Lakini mpenzi wa jazi akianza kutaja wapulizaji wakali wa saksafoni, hatafika mbali kabla ya kumgusa Gene Ammons, Johnny Griffin, Von Freeman, Eddie Harris, Clifford Jordan au John Gilmore. Wote sita walipikwa na mwalimu huyu mmoja, wakiwa bado watoto wa sekondari. Mada hii inauliza shule ya umma, katika mtaa uliobanwa kila upande, iliwezaje.

Dyett alizaliwa Missouri mwaka 1901 na kukulia California. Fidla ndiyo ilikuwa ala yake. Alipofika Chicago akaipiga katika orkestra ya Erskine Tate, iliyosindikiza filamu zisizo na sauti katika ukumbi wa Vendome. Louis Armstrong naye aliwahi kupitia humo. Cheo cha Kapteni alikipata kwa kuongoza bendi ya Kikosi cha Nane, kikosi cha Waamerika Weusi cha Illinois. Mwishoni mwa miaka ya 1920 sinema za sauti ziliingia na ajira za wanamuziki wa kumbi za filamu zikayeyuka. Mwaka 1931 alianza kufundisha Wendell Phillips, ambako Nat King Cole alikuwa miongoni mwa wanafunzi. Shule mpya, ambayo baadaye ilipewa jina la DuSable, ilipofunguliwa mwaka 1935, alihamia huko na kufundisha hadi 1962.

Mtaa wenyewe ulikuwa Bronzeville, upande wa kusini wa jiji. Familia nyingi zilikuwa zimetoka majimbo ya Kusini kutafuta kazi, na hati za nyumba kwingineko jijini ziliandikwa masharti ya kuwazuia Weusi kununua au kupanga. Watu wakasongamana. Hata chama cha wanamuziki kilikuwa na matawi mawili, Na. 10 la Weupe na Na. 208 la Weusi, mpaka yalipounganishwa mwaka 1966.

Ndiyo maana Dyett alifundisha muziki kama kazi. Kipaji bila kusoma noti hakikumridhisha. Johnny Griffin alikwenda kwake akitaka saksafoni. Akakabidhiwa klarineti kwanza, kisha obo. Kijana mwenye hamu ya kupiga jazi angeweza kuiona hiyo ni adhabu. Lakini Griffin alipomaliza shule mwaka 1945, siku chache tu baadaye alikuwa jukwaani na bendi kubwa ya Lionel Hampton. Wasichana nao walinolewa hapo: mpiga piano Dorothy Donegan ni mmoja wao, na mwimbaji Dinah Washington mwingine.

Ukali wake ulijulikana. Alikuwa na ulimi mchungu, na mwanafunzi mzembe aliweza kufukuzwa katika bendi. Si yote ya kuigwa. Mwalimu wa leo akifokea watoto namna ile atakuwa na kesi, na ni haki. Cha kuigwa ni kwamba hakuwapunguzia watoto kiwango kwa sababu ya umaskini wao.

Kisha kuna suala la fedha, ambalo semina za muziki hulikwepa. Dyett na wanafunzi wake waliandaa kila mwaka onyesho lililoitwa Hi-Jinks, lenye muziki, dansi na vichekesho. Watu wa mtaa walinunua tiketi, na mapato yakasaidia kununua ala na sare. Mzazi aliyelipa kiingilio alikuwa anasikiliza kitu ambacho yeye mwenyewe amekichangia.

Wengi waliopita kwake hawakuwa wanamuziki wa kulipwa, na hilo halikuwa lengo pekee. Wengine waligeuka walimu: mpiga besi Richard Davis alifundisha Chuo Kikuu cha Wisconsin kwa miongo mingi.

Dyett alifariki mwaka 1969, na baadaye shule moja ya upande huohuo wa jiji ikapewa jina lake. Ilipofungwa mwaka 2015, wazazi na wanaharakati walisusia chakula kwa siku 34 wakidai irudishwe. Mwaka 2016 ilifunguliwa tena, safari hii kama shule ya sanaa.

Katika shule nyingi za Afrika Mashariki bendi hukumbukwa siku ya mahafali, mgeni rasmi anapokaribia lango. Wakuu wa shule na maafisa elimu walioko katika semina hii wanaombwa mambo matatu: wampe mwalimu wa bendi chumba chenye kufuli, vipindi visivyoporwa na masomo ya mtihani, na idhini ya kuandaa onyesho la kiingilio ambalo mapato yake yatabaki kwenye ala.