Tuusome Mlima Kabla Haujashuka: Mazungumzo na Wakaazi wa Kinanira



Leo hatukuja kuzungumzia wizi wala vitambulisho vya mpakani. Tumekuja kuzungumzia mlima.

Mito ya Muha na Kanyosha hutiririka kutoka miteremko ya Mumirwa, ikapita jijini mwetu hadi Ziwa Tanganyika. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Desemba 2019, vilima vya tarafa ya Mugina, katika mkoa wa Cibitoke wa wakati huo, viliporomokea nyumba watu wakiwa wamelala. Tarehe 4 Mei 2023, huko Kalehe, Kivu Kusini, maji yaliyobeba matope na mawe yaliua zaidi ya watu 400 katika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Maporomoko hayasimami kwenye kizuizi cha mpaka.

Dalili ya mvua ni mawingu. Maporomoko nayo yana dalili zake. Tupime mambo matatu.

Kwanza, mteremko. Ulio mkali, uliokatwa miti au kuchimbwa ili kupata kiwanja, umepoteza kinachoushikilia.

Pili, mvua. Tusihesabu ya leo peke yake. Mvua ndogo juu ya udongo uliolowa kwa siku nyingi yaweza kuangusha kilichostahimili mvua kubwa ya mwanzo wa msimu.

Tatu, ardhi yenyewe. Nyufa mpya ukutani au uwanjani, mlango unaoanza kukwama, mti au nguzo inayoinama, maji yanayochimbuka pasipokuwa na chemchemi. Na mto ukipungua ghafla huku mvua ikinyesha, tusifurahi: huenda matope yameuziba huko juu, na maji yatakuja yote kwa pamoja.

Anayeiona dalili moja asingoje ya pili. Awahamishe watoto, wazee na wagonjwa kungali mchana, mbali na mteremko na mbali na kingo za mto. Kisha amjulishe mkuu wa mtaa na kituo cha polisi kilicho karibu. Wala asirudi mara tu mvua inapokatika, kwa maana udongo uliolowa huweza kuporomoka hata jua likiwaka.

Tunafahamu kinachowafanya wengi wabaki: wanahofia wezi. Hofu hiyo ina msingi, nasi hatuidharau. Ndiyo maana tunawaomba mtuarifu mnapohama, ili doria ipite hapo. Nyumba iliyoachwa wazi tunaweza kuilinda. Iliyofunikwa na udongo, mara nyingi tunafika tumechelewa.

Nanyi mnaoishi mahali salama, mfungulieni mlango jirani anayebisha hodi usiku wa mvua. Huo nao ni ulinzi wa raia.